Saratani ya mapafu na gesi isiyozima mshumaa: mwongozo kwa nyumba za Goma

Aliyekulia Goma hahitaji kufundishwa kwamba hewa inaua. Tulipokuwa wadogo tulikatazwa kushuka kwenye mashimo ya upande wa Bulengo na Lac Vert asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka. Mbuzi akikutwa amelala bondeni bila jeraha, na ndege wawili watatu pembeni yake, hakuna aliyeuliza maswali: ni mazuku. Gesi yenyewe ni kaboni dioksidi inayopanda kutoka chini ya ardhi ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hujikusanya penye shimo na kumkuta mtoto na mbuzi kabla ya mtu mzima aliyesimama.

Mazuku yametufunza tahadhari, lakini yametuachia pia kasoro moja: tunadhani hewa mbaya ni ile inayokuangusha leo. Ukiamka mzima, basi hewa ilikuwa nzuri. Mimi ni muuguzi, kaka yangu ni fundi masoni, na jambo hili tunalibishania karibu kila Jumapili. Yeye akiona ufa sakafuni anaona saruji iliyochanganywa vibaya. Mimi naona mlango.

Saratani ya mapafu, au kansere kama tunavyosema mtaani, haina haraka. Huandaliwa kwa miaka 20 au 30, kidogo kidogo, na mtu anakula, anacheka, anajenga nyumba, anaoza binti. Mwaka 2022 watu karibu milioni 2.5 duniani waligunduliwa kuwa nayo, na milioni 1.8 walikufa kwa ajili yake. Hakuna saratani nyingine inayoua wengi kiasi hicho. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa makusudi, kuanzia ile inayookoa zaidi kwa pesa kidogo. Tafadhali usiruke ya kwanza kwa kuwa ya tatu ina jina geni linalovutia.

Hatua ya kwanza: anza na kilicho mdomoni

Shirika la Afya Duniani, lile tunaloliita OMS, linahesabu kwamba kiasi cha asilimia 85 ya saratani za mapafu zinatokana na tumbaku. Mvutaji yuko kwenye hatari mara 15 hadi 30 kuliko mtu ambaye hajawahi kuvuta. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 70 kati yake zinajulikana kuleta saratani. Ukivuta tumbaku ya majani iliyosokotwa kwa karatasi, usijidanganye kwamba ni ya asili na kwa hiyo ni salama. Moto hauulizi tumbaku imetoka kiwandani au shambani.

Goma watu wengi hununua sigara moja moja, kijiti kwa kijiti, na hapo ndipo hesabu inapopotea. Mzee mmoja jirani aliniambia, "Mama Neema, mimi si mvutaji, navuta viwili vitatu tu." Nikamwomba aweke jiwe dogo mfukoni kila akiwasha kijiti. Jioni alitoa mawe tisa mfukoni, akayaweka mezani, akayaangalia muda mrefu. Fanya hivyo kwa siku tatu kabla ya kupanga lolote.

Kisha chagua tarehe. Usiseme "nitaacha taratibu", sema siku yenyewe. Waambie watu wawili wa nyumbani, si kumi. Siku tatu za kwanza ndizo ngumu kupita zote, kwa sababu mwili unadai nikotini: hasira, usingizi kukatika, mikono kukosa kazi. Baada ya wiki mbili hadi nne madai ya mwili yanapungua sana, yanabaki ya mazoea. Na mazoea ya Goma tunayajua: meza ya bia, na kusubiri mteja kwenye pikipiki. Wiki hizo za kwanza badilisha meza. Ukianguka ukavuta kimoja, hujarudi mwanzo. Tupa kilichobaki uendelee kuhesabu.

Faida yake ni ya kweli. Mtu aliyeacha, baada ya miaka 10, hatari yake ya saratani ya mapafu inashuka mpaka karibu nusu ya ile ya mwenzake anayeendelea kuvuta. Ukiwa na miaka 60 bado inafaa.

Neno kwa vijana wa chicha, yaani shisha. Maji yale hayasafishi moshi, yanaupoza tu ili uweze kuumeza mwingi zaidi. Kikao cha saa moja kinaweza kuwa na mivuto 200, na sigara moja ina kama 20. Ongeza na lile kaa linalowaka juu ya kichwa cha chombo.

Na usiyevuta, lakini unalala chumba kimoja na anayevuta, nawe umo. Moshi wa mwenzako unakuongezea hatari kwa asilimia 20 hadi 30. Mlango wa nyuma si suluhisho kamili, lakini sheria ya "nje ya nyumba, mbali na dirisha" ni rahisi na haina gharama. Mwambie baba mkwe kwa heshima, au mtume mjukuu wake anayempenda amwambie. Hilo nimeliona likifanya kazi kuliko maneno yangu yote ya kizungu cha hospitali.

Hatua ya pili: moshi wa jikoni

Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku ni baridi, mvua ikipiga tunafunga kila kitu, na babula, jiko letu la makala ya miti, inaingizwa ndani. Hapa kuna mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni moshi wenyewe. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo Lyon, Ufaransa, limeuweka moshi wa makaa ya mawe yanayochomwa ndani ya nyumba katika kundi la kwanza, la vitu vinavyoleta saratani bila shaka. Makaa ya mawe si makala yetu. Yale huchimbwa, yetu hutoka kwenye miti. Moshi wa kuni wameuweka daraja moja chini yake, kwenye vitu ambavyo huenda vinaleta saratani. Lakini hata ukiacha saratani pembeni, moshi wa kupikia kwa jumla uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, kwa moyo, kiharusi, mapafu na nimonia. Kwa watoto walio chini ya miaka 5, karibu nusu ya vifo vya nimonia vinahusishwa nao. Mtoto aliye mgongoni anavuta hewa ileile unayovuta wewe uliyeinamia chungu.

La pili ni kaboni monoksidi, ambayo haileti saratani. Inaua usiku huohuo. Makala yakishakuwa mekundu na moshi kwisha, watu hudhani hatari imekwisha. Kumbe ndiyo saa ambayo gesi hiyo hutoka bila kuonekana wala kunusika. Kulala na babula ndani ya chumba kilichofungwa ni kucheza na mazuku uliyoyatengeneza mwenyewe.

Ya kufanya: washa babula nje, mpaka moshi wote uishe, na usiwashe kwa mfuko wa plastiki. Najua unashika moto haraka. Plastiki ikiungua inatoa sumu, nyingine za kuleta saratani, na zinaingia kwanza kwa yule anayepuliza. Tumia vijiti vikavu au karatasi. Pika chini ya paa la nje, na kama jiko liko ndani, fungua matundu mawili yanayotazamana, moja chini na moja juu karibu na mabati, ili hewa iingie na itoke. Dirisha moja peke yake halipumui. Loweka maharage tangu jana yake, funika chungu, kausha kuni wiki kadhaa kabla ya kuzitumia; kila saa unayoipunguza motoni ni saa ya mapafu, na gunia la makala lilivyo ghali utaiona faida mfukoni pia. Mwenye umeme na uwezo wa jiko la umeme, hata kwa chai tu na maji ya kuoga, ameshapunguza mengi.

Jenereta iwe uani, mbali na dirisha la chumba cha kulala. Moshi wa dizeli uliwekwa kundi la kwanza mwaka 2012.

Hatua ya tatu: radoni, gesi ya chini ya sakafu

Sasa tuje kwenye lile jina geni. Karibu kila mwamba na kila udongo duniani una chembe za urani, madini yenye mionzi. Urani huoza polepole sana, ikawa radiamu, na radiamu ikioza hutoa radoni. Radoni ni gesi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Inapenya kwenye vinyweleo vya ardhi na kupanda. Nje inachanganyika na hewa na kupotea. Kwa kawaida nje ina bekereli 5 hadi 15 tu kwa kila mita ya ujazo. Bekereli moja maana yake ni atomu moja inayopasuka kila sekunde. Ikiingia ndani ya nyumba iliyofungwa, inajikusanya.

Inapopasuka inazaa watoto wake, hasa aina za poloniamu, ambazo hushika kwenye vumbi. Unavuta vumbi hilo, linakaa kwenye ngozi laini ya mapafu, na hapo linapasuka tena na kurusha chembe za alfa. Chembe hizo haziwezi kupenya hata karatasi, lakini ndani ya pafu hakuna karatasi.

Dunia ilichelewa kuitambua. Wachimbaji wa migodi ya Schneeberg, Ujerumani, walikufa kwa ugonjwa wa mapafu kwa karne kadhaa kabla ya madaktari wawili kuonyesha mwaka 1879 kwamba ilikuwa saratani. Kuhusu nyumba za watu wa kawaida, kelele kubwa ilianza Desemba 1984 huko Pennsylvania, Marekani. Stanley Watras, mfanyakazi wa kituo cha nyuklia cha Limerick, alikuwa akifika kazini na mashine za kupima mionzi zinapiga king'ora. Kituo kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme. Walipokwenda kupima nyumbani kwake, wakakuta mionzi inatoka chini ya nyumba: radoni iliyozidi mara mamia kile kiwango ambacho leo Wamarekani huambiwa wachukue hatua. Alikuwa anabeba mionzi kutoka nyumbani kwenda kituoni.

OMS inakadiria kwamba radoni inasababisha asilimia 3 hadi 14 ya saratani za mapafu, kutegemea nchi. Ni ya pili baada ya tumbaku, na kwa watu wasiovuta ndiyo ya kwanza. Kila bekereli 100 zinazoongezeka kwa mita ya ujazo, ukizivuta kwa miaka mingi, hatari inapanda kwa kiasi cha asilimia 16. Sasa angalia kwa nini sigara niliitanguliza: hatari hizi mbili hazijumlishwi, zinazidishana. Kwa radoni ileile, nyumba ileile, mvutaji yuko kwenye hatari inayokadiriwa kuwa mara 25 ya asiyevuta. Kwa hiyo mtu anayetafuta pesa ya kupima radoni huku pakiti iko mfukoni ameanzia mwisho wa foleni.

Goma inahusika vipi? Tumejenga juu ya lava. Lava imejaa nyufa, mashimo na mapango, na gesi kutoka chini zina njia tele za kupanda. Mazuku yenyewe ni ushahidi. Kaboni dioksidi ikipanda kwa wingi inabeba radoni kama lori linavyobeba abiria. Tena tuna matetemeko. Baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitikisika kwa siku kadhaa, nyufa zikafunguka mpaka katikati ya mji, na nyumba ambazo lava haikuzigusa zikabaki na mistari sakafuni na ukutani. Wengi walipaka rangi juu yake.

Mshumaa hautakusaidia hapa. Kwenye mazuku moto hufifia na kuzimika (na usiutegemee huko pia, kwa sababu ukizimika wewe mwenyewe tayari uko hatarini). Radoni haizimi moto, haiui mende, haisumbui kuku. Kipimo tu ndicho kinachoiona.

*Kagua kwanza kwa macho.* Chumba gani kiko chini kuliko vingine na watu wanalala humo? Sakafu ni udongo, lava tupu, au zege? Ina nyufa? Bomba la maji na la choo linapoingia sakafuni, pameachwa pengo? Ukuta na sakafu vinakutana vizuri au unaweza kuingiza kisu? Dirisha linafunguka kweli, au lilipigiliwa misumari kwa sababu ya wezi? Andika majibu.

Nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya mawe, yenye nafasi ya hewa chini, ile ambayo jirani mwenye nyumba ya ghorofa anaidharau, kwa jambo hili iko vizuri. Upepo unapita chini na kuifagia radoni kabla haijapanda. Usizibe nafasi hiyo kwa mawe na udongo ili kuzuia baridi, ongeza blanketi. Wenye kujihadhari zaidi ni wa nyumba za bloku zilizokaa juu ya lava moja kwa moja, na zaidi kama zina chumba kilichochimbwa chini.

*Kama unaweza kupima, chagua kipimo kinachofaa safari.* Viko vya aina tatu. Kimoja ni kikopo cha makala maalumu, ndiyo, makala, yanayonyonya radoni kwa siku mbili hadi saba, kisha hurudishwa maabara. Ni rahisi, lakini kwetu kina tatizo. Radoni inapungua nusu kila siku 3.8. Kifurushi kikipita mpaka wa Gisenyi, kikakaa Kigali, kikafika Ulaya baada ya siku 15, kimebaki na sehemu moja kati ya 16 ya kile ulichokusanya. Cha pili ni kijisanduku chenye kipande cha plastiki kinachochorwa mikwaruzo midogo na chembe za alfa. Mikwaruzo haifutiki, kikichelewa njiani si neno. Hiki hukaa nyumbani miezi mitatu mpaka mwaka, na ndicho ningemwagiza ndugu aliyeko nje anitumie. Cha tatu ni cha umeme, kinaonyesha namba papo hapo na siku zinavyokwenda. Ni ghali, lakini familia kumi za barabara moja zinaweza kukichangia kama likelemba, mchango wa zamu, na kukizungusha, kila nyumba wiki kadhaa.

Kiweke chumba cha kulala cha chini, kwenye rafu au meza, mbali na dirisha, jiko na bafu. Usikiweke sakafuni. Watoto waonywe wasikichezee. Ishi kama kawaida yako. Usifungue madirisha kwa wiki hiyo tu ili upate namba nzuri, kama mtu anayefagia siku ya wageni.

Kusoma jibu: chini ya bekereli 100 kwa mita ya ujazo, OMS inaridhika, nawe pumzika. Kati ya 100 na 300, tengeneza kadiri ya uwezo wako. Zaidi ya 300, usingoje mwaka mwingine, na wakati ukitafuta saruji hamisha watoto walale chumba cha juu au chenye hewa zaidi.

*Kutengeneza nyumba iliyopo.* Hata bila kipimo, mengine unaweza kuyafanya kesho. Fungua madirisha ya pande mbili kila asubuhi na tena kabla ya kulala. Inasaidia mara moja, ila ukifunga, baada ya saa 12 hivi kiwango kimerudi kilipokuwa, kwa hiyo tundu dogo la kudumu juu ya ukuta, lenye wavu wa mbu, linashinda dirisha kubwa linalofunguliwa Jumapili. Ziba nyufa: panua ufa kwa patasi mpaka uone zege safi, futa vumbi, lowesha, jaza saruji yenye mchanga mwembamba. Zunguka mabomba yote. Chumba cha udongo kipate zege. Lakini kuziba peke yake hakutoshi, kwa sababu tetemeko lijalo litafungua pengine.

Dawa yenyewe ni kuivuta gesi kutoka chini ya sakafu kabla haijaingia. Unatoboa zege, unachimba shimo dogo chini yake, unasimamisha bomba la plastiki la inchi nne linalopita ndani ya nyumba mpaka juu ya paa, na juu, nje ya vyumba vya watu, unaweka feni ndogo inayonyonya mchana na usiku. Mdomo wa bomba uwe mbali na madirisha. Mifumo ya namna hiyo ikifungwa vizuri inaweza kuondoa sehemu kubwa mno ya radoni, hata asilimia 99.

*Kama unajenga sasa,* una bahati, maana kazi hiyohiyo inagharimu bomba moja tu. Nilipomweleza kaka yangu alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Dada, unataka nimjengee mteja bomba la choo lisilo na choo?" Ndiyo. Chini ya zege tandaza sentimita 10 za kokoto safi za lava, ambazo Goma hazihitaji kuagizwa popote. Laza humo kipande cha bomba chenye matundu. Juu tandika plastiki nene, maungio yakilaliana angalau sentimita 30, kisha mwaga zege. Bomba lipande wima kupitia ndani ya nyumba mpaka juu ya mabati. Joto la ndani litaivuta gesi yenyewe hata bila feni, na feni itawekwa siku kipimo kikidai. Mteja wa kwanza alikataa. Wa pili, mwalimu, alikubali kwa sababu plastiki ile inazuia pia unyevu, naye alikuwa amechoka na ukuta wenye ukungu. Sababu si hiyo, lakini bomba limesimama.

Kiwanja kikiwa eneo linalojulikana kwa mazuku, bomba hili si kinga ya mazuku. Usijenge shimoni, usilaze mtu chini kuliko ardhi ya nje, na ukimwona mtu ameanguka bondeni usimfuate mbio. Wengi hufa wawili wawili kwa huruma hiyo.

Na maji? Radoni ya maji ni shida ya visima virefu. Maji ya ziwa hayabebi nyingi. Pita.

Hatua ya nne: kazi unayofanya

Vijana wengi wa mji huu wamepitia Rubaya, Masisi, au mashimo ya Walikale. Chini ya mgodi usio na feni kuna radoni ileile, nyingi zaidi, na koltani yenyewe hubeba urani na thori kidogo. Kuna pia vumbi la mawe yenye kwazi (madini ya silika), ambalo huleta makovu mapafuni na saratani. Jambo la ajabu ni kwamba lava ya Nyiragongo ina silika kidogo sana ukilinganisha na mawe hayo, kwa hiyo mama anayeponda kokoto Goma hayuko kwenye hatari ileile ya kwazi kama kijana anayetoboa mwamba Masisi. Bado vumbi ni vumbi. Lowesha mawe kabla ya kuyaponda, na kaa upande upepo unakotoka.

Mafundi wa kuchomea vyuma wajue kwamba moshi wa kuchomelea nao umo kundi la kwanza; chomea nje au penye mlango wazi pande mbili. Nyumba za enzi ya Wabelgiji nyingine zina mapaa ya eterniti, na eterniti ya zamani ina amianti (asbesto), nyuzi zinazoleta saratani zikivutwa. Ikiwa nzima, iache. Usiikate kwa msumeno, usiivunje kwa nyundo, usiitumie kama kokoto. Ikilazimika kuondolewa, imwagiwe maji, ifunguliwe msumari mmoja mmoja, ifungwe kwenye plastiki. Amianti na sigara nazo huzidishana.

Watu watakuambia unywe maziwa baada ya vumbi. Kunywa, ni chakula kizuri. Ila yanakwenda tumboni, njia ya mapafu ni nyingine. Vidonge vya kusafisha mapafu vinavyouzwa kwenye mabasi ni pesa ya kutupa, na vingine vinadhuru: utafiti wa Finland uliotangazwa mwaka 1994 uliwapa wavutaji vidonge vya betakarotini wakitumaini kuwakinga, na saratani ya mapafu ikaongezeka kwao.

Hatua ya tano: kikohozi kisichoondoka

Kwetu kila kikohozi kirefu huitwa kifua kikuu, na mara nyingi ni kweli. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe makohozi, bila kubishana. Tatizo linaanza kipimo kisipoona kitu. Nilimhudumia baba mmoja aliyekuwa amepewa dawa za kifua kikuu mara mbili, katika kituo ambacho sitakitaja, bila bakteria kuonekana hata mara moja. Alikuwa amevuta miaka 35. Hakuna aliyemuuliza. Alipopigwa picha ya kifua, uvimbe ulikuwa umeshafika mbali.

Kwa hiyo, kama kipimo cha kifua kikuu hakikuona kitu, au umemaliza dawa na kikohozi kimebaki, omba picha ya kifua. Omba haraka zaidi ukiona damu kwenye makohozi, mwili kupungua bila sababu, sauti kukauka wiki nyingi, maumivu ya kifua au bega yasiyoisha, pumzi fupi, au nimonia inayorudi mahali palepale. Aliyewahi kuugua kifua kikuu kweli, na anayeishi na virusi vya ukimwi, hatari yake ya saratani ya mapafu ni kubwa zaidi ya wengine. Asiambiwe tu kwamba ni makovu ya zamani. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua saratani hii aseme pia.

Marekani watu wa miaka 50 hadi 80 waliovuta sana, ambao bado wanavuta au waliacha ndani ya miaka 15, wanashauriwa kupigwa skana ya mapafu kila mwaka hata bila dalili. Kuvuta sana kunahesabiwa hivi: pakiti kwa siku mara idadi ya miaka, na mstari wao uko kwenye 20. Vijiti 10 kwa siku kwa miaka 30 ni nusu pakiti mara 30, yaani 15. Yule mzee wangu wa mawe tisa alipiga hesabu akapata zaidi ya 18, akanyamaza, kisha akaniuliza kama zile za ujanani jeshini nazo zinahesabiwa. Zinahesabiwa.

Chukua karatasi uandike: vijiti kwa siku na miaka, miaka ya mgodini au ya kuchomea vyuma, miaka ya kupikia ndani, kifua kikuu uliugua mwaka gani, nani katika ukoo aliugua saratani, na namba ya radoni kama mlipima. Muuguzi ana dakika chache na foleni ndefu, na wewe siku hiyo utakuwa na homa na utasahau. Iweke kwenye mfuko mmoja na kadi za chanjo za watoto, mahali ambapo hata mtoto wa kwanza akitumwa usiku ataipata.